Homa ya Siku Moja

Alhamisi moja jioni, mwenyekiti wa chama chetu alikaa kwenye kiti changu kizuri, akapewa chai, akaniuliza kama nyumba yangu ingeweza kulisha kamati Jumapili ile. Nikasema ndiyo. Nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka tulipoketi, mke wangu alikuwa amerudi kitandani baada ya kutuchemshia hiyo chai. Alikuwa na homa tangu alfajiri, na mimba ya miezi mitano. Mwenyekiti alisikia kitanda kikilia, akauliza kama mama yuko salama. Nikamjibu kwamba yuko salama kabisa, amechoka tu. Nilikuwa na nafasi mbili za kusema hapana jioni ile, na zote mbili nilizipita nikiwa nimeshika sahani ya mkate.

Chama chenyewe kilikuwa cha kusafirisha maiti. Sisi tuliotoka Ukambani kuja kufanya kazi Nairobi, tukapanga Jericho, Makongeni, Mbotela na kwingineko Eastlands, tulikuwa na hofu moja kubwa kuliko ya kufutwa kazi, nayo ni hofu ya kuzikwa ugenini. Mtu akifa, kabla mwili haujapoa kamati imeshaketi, lori limepatikana, waimbaji wamepangwa, na mwenyekiti amevaa koti lake jeusi. Tulijua namna ya kumfikisha marehemu kwenye boma la baba yake hata kama mvua imebomoa daraja. Utaratibu ambao hatukuwa nao ni wa mgonjwa. Zahanati ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ilikuwa ng'ambo ya barabara, mwendo wa kumaliza sigara moja, na katika miaka yangu yote chamani sikumbuki tumempeleka mtu huko. Kwetu mwanachama alianza kuhudumiwa akishakata roho.

Katibu wetu alikuwa ameanza kuhudumiwa hivyo mwezi uliotangulia. Tulimsindikiza vizuri sana, tukarudi, na siku iliyofuata tukaanza kuangalia nafasi yake. Wagombea tulikuwa wawili. Wa kwanza mimi, karani wa stoo kule Viwandani, kidato cha nne, mwandiko wa kupendeza. Wa pili alikuwa mchonga vinyago, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye sidhani hata aliutaka ukatibu. Watu walimtaja tu kwa sababu walimpenda, jambo ambalo kwangu halikuwahi kutokea. Urithi wa ofisi ulikuwa faili moja la kijivu, muhuri wa mpira na kidau cha wino wa zambarau. Niliutamani muhuri ule. Ofisini kwetu mihuri ilikuwa ya mabosi, na mimi niliwapelekea karatasi wakazigonga bila kuinua macho. Nilitaka na mimi nigonge kitu.

Sasa, chama kilikuwa na desturi yake. Anayetaka ukatibu sharti kwanza aipe kamati chakula nyumbani kwake, na chakula hicho kiwe muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na mchi, yakapikwa pamoja na maharagwe. Anayekoboa awe mke wa nyumba, kwa mikono yake. Mahindi ya kukobolewa kwa mashine yalihesabiwa kuwa dharau. Mwenyekiti aliapa kwamba ulimi wake ungeyatambua hata ukiwa umeungua. Kazi yake ilikuwa udereva, alimwendesha bwana mmoja mkubwa wa mjini, na sisi tuliamini kwamba sehemu fulani ya ukubwa ule ilikuwa inampanda kupitia usukani. Akisema jambo kuhusu muthokoi, hakuna aliyebisha.

Mke wangu alinijua vizuri. Aliniita Karani. Lilikuwa neno lake la mapenzi na la mzaha, kwa sababu nilipotoka kazini nilikagua hata sukari kwa macho ya stoo. Mwenyekiti alipoondoka, niliingia nyuma ya pazia nikamweleza habari za Jumapili. Alikuwa amejikunja, meno yanagongana, na shuka imelowa.

"Karani," akasema, "mimi kesho nataka kwenda zahanati."

Nikamwambia Jumatatu. Nikamwambia homa ya malaria si jambo la ajabu kwa mtu aliyetoka nyumbani majuzi kuona wazee, kwamba wauguzi wakimwona na tumbo lile watamlaza, na akilazwa nani atakoboa? Nilizungumza kwa utaratibu, hoja ya kwanza, hoja ya pili, kama barua ya kiofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukuta.

Ijumaa aliomba tena. Wakati huo joto lake ulilihisi kabla hujamgusa. Jirani yetu, mama mmoja wa Murang'a aliyeuza mboga sokoni, aliingia na beseni la maji na kitambaa, akamfuta shingo na miguu, akatoka nje kunitafuta. Nilikuwa uani nikichagua mahindi.

"Wewe kijana wa ofisi," akaniambia, "mke wako anachemka. Mtoto naye anachemkia huko ndani. Unangoja aive?"

Alikuwa amenunua vidonge vya homa dukani. Nilivipokea kwa heshima nikavitia mfukoni. Mke wa mchungaji alikuwa amewahi kuwaambia kina mama kwamba vidonge humlegeza mtoto tumboni, nami nilikuwa nimemsikia mtu mwingine akisema kwamba vinaleta usingizi. La mtoto ndilo nililolisema kwa sauti. La usingizi ndilo lililonitia hofu, kwa maana mahindi hayakobolewi na mtu aliyelala. Jirani alisema atakoboa yeye. Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye elimu, nikamweleza kwamba hii ni kazi ya mkono wa kwetu, na kwamba ulimi wa mwenyekiti ungejua. Akaenda zake akisema maneno ya Kikuyu ambayo sikuomba nifafanuliwe.

Jumamosi mke wangu alikoboa. Aliwekewa kinu uani, pale penye bomba la maji ambalo nyumba sita tulilitumia pamoja. Alinyunyizia mahindi maji, akashika mchi, akapiga. Alipiga mara kumi akapumzika, tano akapumzika, tatu akapumzika. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti nikiandika orodha ya wageni ambao niliwajua wote kwa majina. Vijana wa mtaa waliokuwa wameegemea ukuta waliacha porojo zao wakanyamaza, na wale hawakuwa watu wa kunyamazia kitu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, mbona usimshikie hiyo mti?" Nikamjibu kwamba mwanamume hakoboi muthokoi. Hilo ni kweli kwa desturi. Wala hakuna desturi niliyoifuata kwa uaminifu maishani mwangu kama ile.

Saa nane mchana alianguka. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini taratibu, akakumbatia kinu, akaweka paji la uso kwenye ukingo wake kwa sababu ulikuwa wa baridi. Jirani na mimi tulimbeba ndani. Nilidhani sasa nitasema twende zahanati, hata nilifungua mdomo. Kilichotoka ni swali la mahindi yaliyobaki. Yalikuwa zaidi ya nusu. Jirani alimlaza mke wangu, akamwekea kitambaa kibichi, akatoka, akafunga kanga kiunoni, akakoboa yote mpaka jua likapungua. Hakufanya hivyo kwa ajili yangu. Alikuwa akikoboa na kuniangalia, na kila pigo lilikuwa na anwani.

Jumapili kamati ilikuja, watu wanane, makoti manane. Jirani alipika, nami nikapakua, nikieleza kwamba mama wa nyumba ana haya kidogo kwa sababu ya hali yake. Mke wangu alikuwa nyuma ya lile pazia. Mwenyekiti alichukua kijiko cha kwanza, akafumba macho, chumba kizima kikangoja. Akatafuna. Akameza.

"Huu," akasema, "ni mkono wa mwanamke wa kwetu. Hakuna kabila lingine linaloweza kukoboa hivi."

Jirani alikuwa mlangoni na sufuria. Alicheka mpaka akalazimika kuiweka chini. Wajumbe walidhani amefurahia sifa za rafiki yake, wakacheka naye. Mwenyekiti alikula sahani tatu, na kabla ya chai nilikuwa katibu. Mchonga vinyago, ambaye naye alikuwa mjumbe, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipongeza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kwa nini nyuma ya pazia kuna mtu anayehema vile. Nikamwambia ni mafua.

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, uso wake ukabadilika, akauliza homa imeanza lini. Mke wangu alikuwa hana nguvu ya kuzungumza. Nikajibu mimi: tangu jana. Muuguzi akaandika kwenye kadi ya kliniki, *homa, siku moja*, akamchoma sindano, akampa dawa, akataka alazwe. Alilala huko siku tatu. Jumanne jioni nilikwenda kumwona nikiwa na faili la kijivu kwapani, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kulipokea. Akalitazama.

"Hongera, Katibu," akasema. Tangu siku hiyo hakuniita Karani tena.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kiume, mzito, mzuri wa sura. Nilipumua. Nilijiambia kwamba nilikuwa sahihi kungoja Jumatatu, na kwamba zahanati ina watu wa kutisha wenzao. Alikaa kwa wakati, akatembea kwa wakati. Lakini hakutazama mtu. Ukimwita, ilikuwa kama unaita nyumba ya pili. Alipofika miaka mitatu hakuwa na neno hata moja, ila alikuwa na visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Aliviokota mtaa mzima, akavipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba, vyekundu peke yake, vya buluu peke yake, mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya Eastlands. Ukikisogeza kimoja alipiga kelele mpaka kikarudi mahali pake. Kwaya ya kanisa ikianza, aliziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba akimshika kwa nguvu na kumpigapiga mgongoni polepole, kwa mapigo yanayolingana, anatulia. Mimi niligundua kwamba nikichelewa kurudi nyumbani namkuta amelala.

Maelezo hayakukosekana. Kila mtu mtaani alikuwa nayo, na yalitolewa bure. Kuna aliyesema mama alimtazama kinyonga akiwa mjamzito. Kuna aliyesema ulimi umefungwa na jina la babu ambalo hakupewa. Mke wa mchungaji alisema ni pepo bubu, akaomba kwa sauti kubwa sana, na mtoto, ambaye hakupenda sauti kubwa, akamng'ata. Hilo lilichukuliwa kuwa ushahidi.

Mke wangu hakusema kitu kuhusu sababu. Alitafuta daktari. Aliuliza kwa watu mpaka akasikia habari za mama mmoja, daktari wa watoto, katika hospitali kubwa mjini, akapanga foleni asubuhi tatu mfululizo mpaka akapata siku. Nami nilikwenda, kwa sababu karatasi ilitaka sahihi ya baba. Mtoto alikuwa na miaka minne. Daktari alimwacha acheze na vizibo vya chupa za dawa, akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa. Akatuambia kuna hali ya namna hiyo, ina jina. Siku hizi wanaiita usonji. Wakati huo nililisikia kwa Kiingereza na nikalisahau kwa makusudi kabla ya kufika nyumbani. Alisema si pepo, wala mama hakutazama kitu. Alisema mtoto anaweza kufundishwa polepole. Kisha akaifungua kadi ya kliniki.

"Hapa naona homa ulipokuwa na miezi mitano. Siku moja. Ni hivyo, mama?"

Aliuliza kama wanavyouliza mambo yote, chanjo, ajali, upele. Mke wangu alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananingoja, kama mtu aliyekuachia nafasi upite mlangoni kwanza. Nilielewa anachotaka. Alitaka mimi niseme, mimi mwenyewe, kwamba zilikuwa siku tano, na kwamba aliomba.

"Ni kweli, daktari," nikasema. "Siku moja."

Daktari akaandika. Mke wangu alimbeba mtoto, ambaye alikuwa mkubwa mno kubebwa, njia nzima ya kurudi Jericho.

Ningesimulia kwamba nilijuta usiku huo huo, lakini sikujuta. Nilikuwa na mkutano. Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba mtoto wa katibu ni suala la chama, kwa vile wanachama walikuwa wanaulizana. Kamati ilikaa nyumbani kwa mwenyekiti, mke wangu hakualikwa, nami nikaandika kumbukumbu za kikao kuhusu nyumba yangu mwenyewe. Mwenyekiti alinihoji mbele ya wote kama katika mimba ile kulikuwa na jambo lolote. Mchonga vinyago aliinua uso akanitazama. Alikuwa anakumbuka kuhema kule nyuma ya pazia. Nikasema hakukuwa na jambo. Basi, akasema mwenyekiti, hili linatoka upande wa mama, na inafaa Katibu afikirie kutafuta msaidizi, yaani mke wa pili, kutoka nyumba iliyo safi. Mchonga vinyago alisema hakubaliani, akaomba pingamizi lake liandikwe. Sikuliandika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba kikao kilikubaliana kwa kauli moja kuwa chanzo cha hali ya mtoto ni upande wa mama. Nikapiga muhuri. Wino wa zambarau ulitoka vizuri, bila kuvuja.

Faili nililiweka juu ya kabati, nikasahau kwamba nilioa mwanamke aliyesoma mpaka darasa la saba. Wiki moja baadaye nilitoka kazini nikamkuta ameketi kwenye kile kiti kizuri, nguo zimefungwa, mtoto yuko chini anapanga visoda vyake ndani ya mfuko kimoja kimoja. Faili lilikuwa magotini mwake.

"Katibu," akasema, "hapa umeandika waliohudhuria na waliotuma udhuru. Mimi hukuniweka popote."



"Nilikungoja kwa muuguzi, nikakungoja kwa daktari," akasema. "Na hapa pia ungeandika ukweli."

Alirudi kwao Ukambani na mtoto. Jirani wa Murang'a ndiye aliyembebea mizigo hadi kituo cha basi. Kinu kilibaki uani mpaka mtu akakigeuza kuwa chombo cha kunyweshea kuku.

Nilibaki katibu kwa miaka minane. Niliandika barua nyingi za rambirambi, zenye lugha nzuri kiasi kwamba wafiwa walizitunza. Chama kilikufa chenyewe baada ya mwenyekiti kufariki. Tulimfikisha kwao salama. Muhuri bado ninao. Mpira wake umekauka, hauchapi kitu.

Mtoto alipokuwa na miaka kumi na minne, yule mchonga vinyago alirudi kwao kufungua karakana, na mama wa mtoto akampeleka mwanawe huko akajaribu kazi ya kupiga msasa. Alizama katika kazi ile. Alisugua twiga wa mbao mpaka wakang'aa, akawapanga kwa urefu, na hakuna aliyewasogeza. Alianza kusema maneno, machache, mengi yao majina ya miti. Mchonga vinyago ndiye aliyeniletea habari hizi. Hakuniletea kwa kunisuta, na ningependelea anisute.

Nikiwa tayari nimestaafu, nilimweleza daktari mmoja kijana habari zote, siku tano na vidonge vya mfukoni. Aliniambia kwamba wataalamu wanaona homa kali ya mama mjamzito, hasa isipotulizwa, inaweza kuongeza kidogo uwezekano wa hali kama ile. Akaniambia pia kwamba watoto wengi huzaliwa hivyo bila mama kuwahi kuugua, na mama wengi huugua na watoto wao wasiwe hivyo, na kwamba kwa mtoto mmoja hakuna mtu awezaye kuapa. Huenda homa ile ilimbadilisha mwanangu, huenda angekuwa hivyo hata kama ningempeleka mama yake zahanati Ijumaa asubuhi. Sitajua. Nilitoka pale bila hukumu, wala msamaha. Kile ninachokijua hakihitaji daktari: aliomba nikakataa, na nilipoulizwa kuhusu homa ile nikasema uongo mara tatu, kwa muuguzi, kwa daktari na kwa kamati.

Nilipanga kwenda kwa mke wangu kulisema hilo mbele ya wazee wake. Nilipanga kwa miaka mingi, kwa sababu mimi ni hodari wa kupanga. Alifariki kabla sijaenda. Nilipata habari baada ya mazishi. Hakusafirishwa popote, alikuwa tayari nyumbani.

Siku hizi ninaenda karakana kila mwezi na mkate, kwa kuwa mwanangu anapenda mkate uliokatwa vipande vinavyolingana. Anaupokea, anavipanga vipande, anaendelea na msasa wake. Wenzake wakimuuliza mimi ni nani, anasema, "Mzee wa mkate." Ile "ndiyo" yangu ya Alhamisi ilinigharimu mke wangu, aliyekufa bila kunisikia nikisema kwamba aliomba kupelekwa, na ilinigharimu kuitwa baba na mtoto pekee niliyemzaa.